Nyaguthii wa Kwenye Barua

Thuku alingoja mpaka lori likaingia kwenye feri ya Kilifi, mlango wa chuma ukapandishwa, maji yakawa mbele na maji yakawa nyuma, ndipo akasema. Hapo Sidi akajua kwamba mumewe alikuwa amelipanga jambo hilo tangu Gongoni. Mtu hachagui katikati ya mkono wa bahari kumwambia mkewe neno ila awe anajua kwamba mkewe akilisikia atataka kushuka.

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Alisema kwamba kule mlimani kwa mama yake mtoto aitwe Nyaguthii. Siku tatu nne tu. Wakirudi atakuwa Mbodze kama kawaida.

Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi katikati yao, miaka minane, miguu haifiki chini, anakula korosho kwenye karatasi. Sidi alimtazama, kisha akamtazama baba yake. Akauliza polepole kwa nini bibi mzaa baba amwite mjukuu kwa jina la yeye bibi mwenyewe. Thuku akajibu, huku ameukodolea macho usukani, kwamba ndivyo alivyomwandikia. Lini? Wakati ule alipozaliwa. Na barua zilizofuata?

"Zote," Thuku alisema.

"Miaka minane."

"Minane, Mama Mbodze."

"Usiniite hivyo," Sidi akamwambia. "Umeshamuua huyo Mbodze, basi usinipe jina lake."

Gongoni nzima ilimsifu Thuku kwa upole wake. Miaka kumi na mitatu aliyoendesha malori ya chumvi hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mtu akimwomba kitu hawezi kukataa, na wa pili akija kuomba kitu kilekile hawezi kukataa vilevile, kisha wote wawili wanaondoka wakimwombea dua. Watu huuita huo upole. Sidi siku ile alikuwa na jina lingine la kuuita, na kama si mtoto angelitamka wakasikia hata abiria wa ng'ambo.

Sidi binti Kenga alizaliwa Adu, ndani huko Magarini, katika mji wa watu wa mahindi na mihogo. Mwaka wa sabini na tano mvua ilipowakataa kabisa aliteremka Gongoni kukwangua chumvi. Kazi hiyo haina siri. Unaingia kwenye bwawa lililokauka, jua moja liko juu na jingine linakurudia kutoka chini kwenye ule weupe, unakwangua, unajaza karai, unabeba. Baada ya mwezi nyayo zinapasuka, na chumvi inajua njia ya kuingia palepale zilipopasuka. Wengi walilia wiki ya kwanza wakarudi kwao. Sidi hakulia, alitukana. Alilitukana bwawa, akalitukana karai, akamtukana msimamizi kwa Kigiriama na msimamizi akadhani anaimba. Thuku, mtu wa bara aliyekuwa akingoja lori lake lipakiwe, alikuwa ameshakaa pwani muda wa kutosha akaelewa kila neno, akacheka mpaka akashika tumbo. Ndivyo walivyoanza.

Mama yake Sidi ndiye aliyekuwa Mbodze. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye hando lake, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, na sauti ya kumfikia mtu aliye shamba la tatu. Mwaka wa sabini na nane, binti yake alipokaribia kujifungua, aliteremka Gongoni kuja kumlea mzazi. Alifika na homa mwilini akaificha, kwa sababu hakuja kuuguzwa. Mtoto alizaliwa Jumatatu. Jumatano Mbodze akafa. Wakamrudisha Adu kwa lori la chumvi, Sidi na kichanga chake wamekaa mbele, maiti nyuma juu ya magunia matupu.

Sidi hakula. Maziwa yakakauka, mtoto akalia siku mbili mfululizo mpaka sauti ikamkwama. Siku ya tatu ya matanga Thuku alimchukua mtoto mikononi, mbele ya mzee Kenga na watu wote waliokaa pale, akasema mwenyewe bila kuombwa na mtu kwamba huyu ni Mbodze, mama amerudi. Mtoto akanyamaza. Sidi akainua kichwa akaomba uji.

Na alijua ukubwa wa kitu alichopewa siku ile. Thuku alikuwa amekwisha kumweleza desturi ya watu wa kwao, kwamba binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, binti wa pili ndiye hupewa jina la mama yake mama, wala hakuna kurukana. Kwa hiyo mumewe alikuwa amemnyima mama yake aliye hai akampa mkewe mama aliyekufa. Sidi alimpenda kwa neno lile kuliko kwa jambo lolote lingine. Kila walipogombana, na Sidi hakuwa mtu wa kugombana kidogo, alilikumbuka akapoa. Sasa anaambiwa kwamba wiki ileile, pengine kwa kalamu ileile ya kuandikia hati za mizigo, Thuku alikaa chini akaandika: Mama, umezaliwa.

Feri ilifika, mlango ukateremshwa, lori likapanda kilima. Sidi hakushuka. Angeshukia wapi na mtoto na mkungu wa ndizi na nazi ishirini za kumpelekea mkwe? Alikaa, akakunja mikono, akageuzia uso upande wake wa dirisha. Walipita mageti ya mahoteli ya Kikambala, wakavuka Mombasa katikati ya kelele zake, wakaishika barabara ya bara. Njia nzima Thuku alijieleza kwa dirisha lake. Alisema mama yake ni mjane na yeye ndiye mwana wake wa kiume wa pekee. Dada yake Easter ana watoto wa kiume watupu. Kwa hiyo jina la Nyaguthii lisipotoka kwake halitatoka popote. Alisema alikusudia kulitengeneza. Binti wa pili angezaliwa, angempa jina la mama yake, na watu wa mbali hawajui nani alitangulia nani. Alikuwa na hesabu yake.

Hesabu yenyewe Sidi aliijua ilikoishia. Mtoto wa pili alizaliwa amekufa. Wa tatu vilevile, na safari hiyo daktari wa Malindi alimtoa kizazi ili apate kuishi. Binti alikuwa mmoja na angebaki mmoja.

Walilala Mtito Andei. Asubuhi Sidi alikwenda kunawa uso, na aliporudi alikuta darasa limeanza. Thuku ameshika pakiti ya biskuti, mtoto amesimama mbele yake kwenye tairi.

"Tukifika kwa shosho, kwa bibi yako, unaitwa nani?"

"Nyaguthii."

Akapewa biskuti moja. Sidi alimnyang'anya Thuku pakiti, akaitupa kwenye majani ng'ambo ya barabara, na nyani wa Mtito Andei wakaifaidi. Akamwambia kwamba mwanawe si kasuku. Mtoto akaanza kulia, kwa ajili ya biskuti, si kwa jambo lingine, na hilo nalo likamchoma Sidi.

Akamvuta mumewe nyuma ya lori, penye kivuli cha magunia. Akamwuliza kama angalau aliandika habari za wale wawili waliokufa. Thuku akatikisa kichwa. Na habari za hospitali? Hakuandika. Alisema hakutaka kumhuzunisha mtu mzima kwa mambo ya mbali.

"Kwa hiyo anadhani tunangoja tu."

"Ana miaka sabini na miwili, Sidi, na kifua chake kibovu. Mwache amwone mtoto afurahi. Siku tatu. Nakuomba."

"Na mama yangu nimfiche wapi hizo siku tatu?"

Sidi akamwambia kwamba yeye atasema ukweli, wote, siku ileile ya kwanza, kabla hajanywa hata maji ya mtu. Akapanda akakaa mahali pake. Hasira ilimkaa vizuri, ikamnyoosha mgongo, na tangu Mtito Andei mpaka Nairobi na kuipita Nairobi alikuwa akilipanga neno atakalolisema, analipunguza, analinoa, mpaka likabaki fupi: mtoto huyu ni wa jina la mama yangu, mwanao alikudanganya.

Chumvi waliishusha katika mji mdogo chini ya milima, lori likabaki kwenye bohari, wakaendelea kwa miguu. Ulikuwa mwezi wa Agosti mwaka wa themanini na sita. Watu wa pwani hawajui Agosti ya mlimani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani ya chai, njia yenyewe ni udongo mwekundu unaoteleza, na baridi ilimpanda Sidi kupitia kandambili mpaka magotini. Alikuwa na leso mbili na blauzi ya mikono mifupi. Thuku, aliyekumbuka kudanganya kwa miaka minane bila kukosea hata barua moja, hakukumbuka kumwambia mkewe achukue nguo nzito. Sidi alimwambia hivyo, mara tatu, kwa sauti ya kupanda kilima.

Mama mkwe alikuwa amesimama langoni. Easter alisema baadaye kwamba alisimama pale tangu alfajiri. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, na kwenye paji la uso palikuwa na bonde, alama ya ule mkanda wa kubebea kuni aliouvaa tangu usichana. Hakumsalimu mwanawe. Alimwendea mtoto, akachutama, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Nyaguthii," akasema.

Mtoto akamtazama baba. Akamtazama mama. Akasema, vizuri kabisa, "Ndiyo, shosho."

Yule mzee akacheka na kulia kwa pamoja, akajitemea mate kidogo kifuani, baraka ya watu wa kule. Sidi akafungua kinywa. Neno alikuwa nalo tayari kwenye ulimi. Mama mkwe akainuka, akamjia, akaishika mikono yake miwili akaigeuza, akaipapasa mipasuko ya chumvi kwa kidole gumba, akasema jambo kwa Kikuyu. Easter, ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea na Kiswahili chake kilikuwa safi, akatafsiri: mama anasema alikuwa akiogopa Thuku amemwolea mtu wa kukaa tu, kumbe mikono yako ni ya kazi kama yake. Akavua shuka lake la sufi, akamfunika Sidi mabegani.

Sidi akasema ahsante. Alijichukia kwa ahsante ile. Ingekuwa rahisi kama mzee angekuwa mkorofi, na njia nzima alikuwa amejiandalia mkorofi.

Basi ukweli haukusemwa siku ya kwanza, na ya pili Sidi aligundua kwamba uongo una kazi nyingi za kila siku. Yeye mwenyewe aligeuka kuwa Mama Nyaguthii. Majirani walikuja kumsalimu Mama Nyaguthii. Waumini wa kanisani walikuja wakaomba kwa muda mrefu, na mara moja moja katikati ya maombi ya Kikuyu alilisikia jina hilo. Aliitwa asubuhi akachote maji, akaitwa mchana akale, na kila alipoitika alihisi amemkanyaga mtu. Thuku alimwita hivyo pia mbele ya watu, na Sidi alimtazama kwa namna iliyomfanya Thuku akatafute kuni za kupasua.

Mtoto ndiye hakuwa na shida. Alipewa maziwa, akapewa viazi vya kuchoma, akapewa watoto wa Easter wa kukimbizana nao. Ila mzee alimwita mara mbili tatu kabla hajageuka. Akamwambia Easter jambo, akaonyesha sikio lake.

Siku hiyo ya pili mchana, mvua ilipowafungia ndani, mama mkwe alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na sweta. Alizitoa moja moja akazipanga kitandani. Zilikuwa nane. Kila mwaka alikuwa amemfumia Nyaguthii sweta moja, kwa kumkisia, kwa kumpima mtoto wa jirani wa umri uleule. Thuku aliandika kila mara kwamba pwani ni joto, zisiletwe, basi akawa anaziweka. Ya mwisho, nyekundu, alimvika mtoto palepale, na mikono ilimzidi kidogo tu. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ndogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja. Sidi aliishika. Hasira yake, ambayo mpaka wakati huo ilikuwa na mtu mmoja wa kuishukia, ilianza kutapatapa. Kwani huyu mama alikosa nini? Na Mbodze wa Adu alikosa nini? Wote wawili wamechezewa na mtu mmoja mpole, naye yuko nje anapasua kuni ambazo hakuna aliyemtuma.

Siku ya tatu ndiyo ya kuagana. Walikula mchana mapema, irio, chakula chao cha viazi na mahindi ya kupondwa, na nyama ya mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya mtoto. Watoto walikuwa uani, mvua ikiwa imekatika. Ndani walikuwa wanne tu, mama mkwe kwenye kigoda chake, Easter, Thuku na Sidi. Mama mkwe akaweka sahani chini, akasema maneno mengi kidogo akimwelekea Sidi, na sauti yake ilikuwa ya heshima.

Easter akatafsiri. "Mama anasema yeye ameshapata mtu wake. Sasa ni zamu ya kwenu. Binti wa pili ni wa mama yako, na anataka kulijua jina lake tangu sasa, alizoee, ili akizaliwa asiwe mgeni. Anauliza, mama yako anaitwa nani?"

Sidi alimwona Thuku akiweka sahani magotini, akipangusa mdomo, akivuta pumzi, na akaujua uso ule, uso wa mtu anayekaribia kumpa mwingine anachotaka.

"Jina lake," Thuku akaanza, "ni Ka..."

Angesema Kadzo, au Kache, au jina lolote la Kigiriama lililomjia kinywani. Alikuwa anamtungia Mbodze jina. Siku tatu alimficha, sasa anataka kumwondoa kabisa duniani, na yeye Sidi, binti wa Mbodze, ameketi hapo hapo anasikia. Sidi hakujua kwamba amesimama. Sauti iliyomtoka haikuwa yake, ilikuwa ile ya Adu, ya kumfikia mtu aliye shamba la tatu.

"Mbodze. Mama yangu anaitwa Mbodze."

Na kutoka uani, pale pale, kwa kuitwa mara moja tu, ikajibu sauti ya mtoto: "Abee, mama!"

Miguu ikapiga mbio kwenye matope. Mtoto akaingia na sweta yake nyekundu, anahema, akasimama mbele ya Sidi. "Mama, umeniita?"

Easter hakutafsiri, na mama mkwe hakumwomba. Alimkazia mtoto macho. Kisha akatumia Kiswahili chake mwenyewe, kile cha mashamba ya kahawa ya wazungu zamani. "Wewe naitwa nani?"

Mtoto akamgeukia baba. Baba alikuwa akitazama sahani. Akamgeukia mama.

"Mwambie shosho," Sidi akasema.

"Mbodze."

Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu. Alisema alikuwa akidhani mtoto ana ugonjwa wa masikio. Alikuwa ameshamwambia Easter amtafutie daktari. Kisha akamgeukia mwanawe, akaongea Kikuyu kwa muda, bila kupaza sauti. Easter aliinama akawa anakwangua sufuria isiyo na kitu. Thuku alijibu maneno mawili, akaulizwa tena, akajibu moja. Yule mzee akainuka, akaichukua sahani kutoka magotini mwa mwanawe, chakula kikiwa nusu, akaenda nayo mlangoni akawamwagia kuku. Akarudi, akaketi.

"Mama yako nakufa lini?" akamwuliza Sidi.

"Siku ya pili baada ya mtoto kuzaliwa. Alikuja kunilea."

"Na huyu nakwambia ficha yeye hapa kwangu?"

"Ndiyo, mama."

Mzee akasema pole. Alilisema mara mbili. Sidi, aliyekuwa amejiandaa kwa kelele, akaona machozi yanamjia, akayakasirikia, akayarudisha. Alidhani yamekwisha. Ukweli umetoka, mama yake ana jina lake tena mbele ya watu, na mwongo amenyang'anywa sahani. Hata baridi aliisahau.

Lakini mama mkwe alikuwa ameanza kukusanya sweta. Saba zilizobaki, alizozipanga tena kitandani asubuhi ile, alizikunja moja moja, akazipanga sandukuni, kubwa chini na ndogo juu. Alipofika kwenye ile nyeupe ya kwanza hakuitia sandukuni. Aliishika akiongea, na sasa sauti ilikuwa ngumu, na Easter akatafsiri akitazama sakafu.

Alisema yeye hagombani na marehemu. Jina limekaa pazuri, likae. Lakini kilima kizima kinajua kuna Nyaguthii pwani. Amemtaja kanisani miaka minane, amemtaja mtoni, amemtaja kwa wanawake waliomcheka kwamba mwana wake mmoja alipotelea kwenye chumvi. Leo mtu akimwuliza Nyaguthii yuko wapi, atamwonyesha nani? Alisema hataki tena barua ya Thuku, hata moja, wala neno lake. Anataka neno la Sidi, kwa sababu Sidi ndiye aliyesema kweli humu ndani.

"Anasema mbadilishane," Easter akamalizia. "Wa kwanza amekuwa wa mama yako, basi wa pili awe wake. Ni haki. Anakuuliza kama bado unazaa."

Sidi akamtazama Thuku, na kwa mara ya kwanza tangu Kilifi Thuku naye akamtazama moja kwa moja. Hakumwomba kitu. Alingoja tu. Ukweli wote, Sidi alikuwa ameapa, na huu ulikuwa nusu yake ya pili, mfupi kama ule wa kwanza. Alikuwa nao ulimini. Mbele yake alisimama mtu wa miaka sabini na miwili, mwenye bonde kwenye paji la uso, ameshika sweta inayoenea kwenye kiganja.

"Bado, mama," Sidi akasema. "Bado nazaa."

Mzee akampa ile sweta kwa mikono miwili. Sidi akaipokea kwa mikono miwili.

Walishuka kilima, mtoto katikati yao. Kwenye lori, magunia yote yakiwa yameshushwa, kila shimo la barabara liliwarusha juu. Thuku alipofungua kinywa Sidi alimwahi.

"Tazama barabara, Baba Mbodze."

Akatazama barabara. Sidi alitaka kuendelea kumkasirikia. Alikuwa na haki, alikuwa na sababu, na alikuwa na njia nzima mpaka Gongoni. Lakini kila alipomkusanyia maneno aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema bado, mama, na maneno yakamgeukia. Alimkasirikia Thuku kwa kumfikisha pale. Alijikasirikia kwa kufika. Aliikasirikia hata ile sweta, na hakuweza kuitupa dirishani.

Mtoto aliichukua kutoka mapajani mwake, akaipima kwenye mkono wake, akacheka kwa udogo wake.

"Mama, hii ya nani?"

"Ya Nyaguthii."

"Nyaguthii si nilikuwa mimi?"

"Hapana," Sidi akasema. "Nyaguthii bado hajaja."

Na alilisema kwa upole kabisa, kama ambavyo angelisema Thuku.